WANAOTAKA KITANZI TUWAJIBU, TUSIWATUKANE



Liko jambo moja ambalo likitajwa katika mkutano wa tawi hugawanya ukumbi mara moja, hata kama wote waliomo wana kadi moja na bendera moja. Jambo hilo ni adhabu ya kifo. Mmoja husema mwuaji anyongwe, mwingine husema serikali isiue mtu. Sauti hupanda, na tangu hapo hakuna tena anayemsikiliza mwenzake. Aliye upande wa kitanzi huitwa mpenda damu. Aliye upande wa pili huambiwa kwamba anawatetea wauaji kwa kuwa hajafiwa.

Sisi wa gazeti hili hatufichi upande wetu. Twataka sheria ya kunyonga watu ifutwe katika nchi yetu. Lakini leo hatutaanza na hoja zetu. Tutaanza na hoja za wale wasiokubaliana nasi, kwa kuwa ni wengi, na kwa kuwa baadhi yao ni wanachama wetu hodari. Tumeona pia kwamba wengi wanaopinga kitanzi hawajapata kukaa chini na kuuliza: kwa nini mtu mwema, mcha Mungu, mwenye watoto wake, asiyeweza kumpiga jirani hata kofi, asema bila kusita kwamba fulani auawe? Asiyejua swali hawezi kutoa jibu.

UMMA NI SISI

Kwanza tukumbushane habari ya sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, tuliirithi kutoka kwa Mwingereza. Katika sheria hiyo tuliyoachiwa, mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, Jaji hakuachiwa nafasi ya kupima. Awe amepanga mauaji kwa mwaka mzima, au awe mama aliyepigwa na mumewe miaka kumi hata siku moja akashika mchi, hukumu ni moja, kunyongwa hadi kufa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako papa hapa Arusha, iliamua kwamba sheria inayomfunga Jaji mikono namna hiyo inavunja haki ya kuishi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikwisha sema neno kama hilo mwaka 2017.

Na kwetu, mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufani. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili na yenye kudhalilisha utu, lakini ikaamua kwamba Katiba yairuhusu kwa ajili ya maslahi ya umma.

Wasomaji walitazame vema neno hilo, maslahi ya umma. Umma ni nani? Ni mimi na wewe, na yule mzee wa kijiwe cha kahawa asemaye kwamba dawa ya moto ni moto. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba mabishano ya tawini ni porojo tu. Siku sheria hii itakapoondoka, au itakapokaa, itakuwa kwa sababu ya yale yaliyomo mioyoni mwa watu wa kawaida. Basi tuingie mioyoni humo.

UCHUNGU

Sababu ya kwanza ni uchungu. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mtu aliyeletewa maiti ya mtoto wake ndani ya shuka hataki kusomewa mikataba ya mataifa. Ataka aliyefanya jambo lile asiendelee kuota jua wakati mwanawe yu chini ya udongo. Hapo hapana ushenzi. Ni mizani ya haki ambayo kila mwanadamu anayo ndani yake, na mizani hiyo yamwambia kwamba uhai ni kitu kikubwa, hauwezi kulipwa kwa kitu kidogo.

Wote twaikumbuka miaka ile ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa katika mikoa ya Ziwa kama wanyama, watoto wakikatwa viungo mbele ya mama zao. Mwezi Januari mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka hadharani kwamba wauaji hao nao wauawe. Alipobanwa Bungeni, alilia. Watu wengi walimlaumu, na sisi pia twasema kiongozi wa serikali hana ruhusa ya kuwaambia watu waue. Lakini nani kati yetu hakuelewa machozi yale? Mwaka huo huo mahakama zilianza kuwahukumu kifo baadhi ya wauaji hao, na wananchi wengi walishangilia. Hawakushangilia damu. Walishangilia kwamba hatimaye serikali ilisema wazi kuwa mtoto mwenye ualbino ni mtu, na kwamba kumwua ni kuua mtu.

Mtu anayepinga kitanzi na hawezi kusimama mbele ya mama wa mtoto yule akayaeleza mawazo yake kwa adabu, heri anyamaze.

HOFU

Sababu ya pili ni hofu. Watu wasema, mwuaji akijua kwamba naye atakufa, mkono wake utatetemeka. Hoja hii yaonekana kuwa na akili, na mkulima aliyevamiwa usiku huipokea bila maswali. Wasema pia kwamba kitanzi kikiondolewa, wananchi watajichukulia sheria mikononi.

Tujibu kwa upole. Wananchi wanajichukulia sheria mikononi na kitanzi kingali kitabuni. Kibaka aliyepora simu huvishwa tairi na kuchomwa moto mchana kweupe, hali sheria yetu haijapata kumnyonga mwizi wa simu. Kenya waliweka kifo hata kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na bado huko nako vibaka walichomwa barabarani. Basi umati hauui kwa kuwa sheria ni laini. Umati huua kwa kuwa hauamini kwamba sheria itafika.

Tena, mwuaji hafanyi hesabu ya adhabu. Hufanya hesabu ya kukamatwa. Yule anayekwenda usiku kumkata panga bibi kizee kwa kuwa macho yake mekundu, haulizi kama atafungwa au atanyongwa. Moyoni amekwisha jiambia kwamba hakuna atakayemjua. Tunayemtaka amtie hofu ni mpelelezi mwenye gari na mafuta, mpelelezi asiyekula rushwa, afikaye kijijini siku ile ile. Mnyongaji anayengoja miaka ishirini Dodoma au Dar es Salaam hamtishi mtu huyo.

Na kuna jambo la kufikiri sana katika habari ya wauaji wa wenye ualbino. Aliyeshika panga alikuwa ameajiriwa. Yuko aliyelipa, mwenye fedha zake, na huyo ndiye mzizi. Ukimnyonga aliyeshika panga, umelizika na jina la aliyemtuma. Maiti haitoi ushahidi.

WASIOAMINI

Sasa twafika kwenye sababu ya tatu, na kwa maoni yetu hii ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa haisemwi waziwazi. Msikilize kwa makini mtu asemaye "anyongwe!" Mwulize, je, akifungwa maisha hatoshi? Atakujibu: "Maisha gani? Baada ya miaka mitano utamwona mtaani. Ana fedha. Ana mjomba. Atatoka kwa msamaha, au faili litapotea." Wengine huongeza kwamba hawataki kulipa kodi ili mwuaji ale ugali wa serikali.

Ndugu, mtu huyu hasemi kwamba anapenda kuua. Asema kwamba haamini. Haamini kwamba lango la gereza litabaki limefungwa. Kwake kitanzi ni kufuli pekee ambayo haina ufunguo wa pili. Ameona mengi: ameona mnyonge akikaa rumande miaka kwa kuku, na mkubwa akitoka kwa dhamana kabla chai haijapoa. Tukimwita mshenzi tunamwonea. Anatushitaki sisi sote tulioacha mambo yafike hapo.

Lakini hapa ndipo twamwomba mwenzetu huyu akae nasi kidogo, tufuate mawazo yake mpaka mwisho. Wasema polisi huweza kununuliwa. Wasema shahidi huweza kutishwa na faili kupotezwa. Wasema mwenye fedha hutoka na asiye nazo hubaki. Haya, tukubali yote hayo. Je, watu hao hao usiowaamini kumfunga mtu, utawaaminije kumwua? Kama faili laweza kupotea ili mwenye hatia aokoke, je, haliwezi kutengenezwa ili asiye na hatia aangamie? Na kama mwenye fedha hutoka, basi nani atakayebaki kunyongwa?

Jibu twalijua. Atabaki maskini. Kosa la kuua halina dhamana, kwa hiyo mshitakiwa hukaa rumande akingoja, mara nyingine miaka mingi. Asiye na fedha hupewa wakili na serikali, na mara nyingi mteja na wakili wake huonana wakati kesi iko mlangoni. Shamba limekwisha kuuzwa, mke amekwenda kwao, mashahidi ambao wangemwokoa wamehama au wamekufa. Kitanzi hakiwapati waliotajwa katika manung'uniko yako. Chawapata wale unaowahurumia.

Na kosa likitokea, je? Mfungwa hufunguliwa, akaombwa radhi, akalipwa. Aliyenyongwa hafunguliwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Waingereza waliotuletea sheria hii walilijua hilo kwao. Mwaka 1950 walimnyonga mjini London mtu aitwaye Timothy Evans kwa kumwua mtoto wake. Miaka mitatu baadaye ikagunduliwa kwamba katika nyumba ile ile alikaa mwuaji wa watu wengi, naye alikuwa ndiye shahidi mkubwa wa serikali dhidi ya Evans. Mwaka 1966 Evans alipewa msamaha wa Malkia. Ukapewa kaburi.

DINI

Yako pia mafundisho ya dini, na hatutaki kuyaruka. Mwislamu atasema kisasi kimo katika Kurani. Mkristo ataonyesha Agano la Kale. Sisi si masheikh wala mapadri. Lakini twajua kwamba Kurani iliyotaja kisasi imewapa warithi wa marehemu mlango wa kusamehe na kupokea diya, na kusamehe kumesifiwa humo. Twajua pia kwamba Kaini aliyemwua ndugu yake hakuuawa. Alitiwa alama ili mtu asimwue. Twajua pia kwamba wengi katika makabila yetu, kabla ya mgeni yeyote, walilipana mifugo kwa damu iliyomwagika, kusudi waliobaki wapate kuishi pamoja. Hatusemi kwamba wazee wetu hawakupata kumwua mtu. Walipata. Twasema kwamba walijua pia njia nyingine, na katika njia hiyo aliyefiwa aliulizwa neno. Katika sheria ya kitanzi aliyefiwa haulizwi kitu. Huitwa kutoa ushahidi, kisha hurudi kijijini kwa nauli ya kuazima.

WALIOKUWA NA SABABU KULIKO SISI

Kuna anayesema: "Ninyi mwasema hivyo kwa sababu hamjaona maovu yenyewe." Basi tuwatazame jirani zetu Wanyarwanda, ambao hakuna anayeweza kuwaambia kwamba hawajaona.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama maalumu iliyofanya kazi yake Arusha. Rwanda ilikuwa na kiti katika Baraza wakati ule, nayo ikapiga kura ya kupinga. Sababu yake moja ilikuwa kwamba mahakama ile haikuwa na adhabu ya kifo. Walisema, na kwa haki, kwamba wakubwa waliopanga mauaji watafungwa tu na wageni, hali wadogo waliotumwa watauawa nyumbani. Huo haukuwa uchu wa damu. Ilikuwa hoja ya usawa, na hatujui nani angewajibu kwa urahisi. Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani huko Rwanda, na maelfu wakaja kutazama.

Lakini mwaka 2007 Rwanda iliifuta adhabu ya kifo. Haikufanya hivyo kwa kuwa imesahau, kwani nchi ile haisahau. Iliona kwamba kitanzi kilikuwa kinawakinga watuhumiwa wakubwa, maana mahakama ya Arusha na nchi nyingi za nje zisingekubali kumpeleka mtu mahali anapoweza kuuawa. Mwaka 2012 mahakama ya Arusha ikampeleka Rwanda mtuhumiwa wake wa kwanza, ahukumiwe katika nchi aliyoshitakiwa kuitenda maovu. Kwa kuweka silaha chini, walipata haki waliyoikosa wakiwa wameishika. Kama wao waliweza, sisi twashindwa nini?

KITANZI TWAKIJUA

Mwisho, sisi ni gazeti la chama cha kizalendo, na haifai tuseme habari ya kitanzi kama watu wasiokijua.

Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mangi Meli alinyongwa Moshi mwezi Machi 1900, na wenzake pamoja naye. Kinjikitile Ngwale alinyongwa mwezi Agosti 1905. Songea, mwezi Februari 1906, wazee wetu 67 walinyongwa, naye Nduna Songea Mbano hatimaye akauawa vivyo hivyo. Ng'ambo ya mpaka, Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na katika miaka ile ya hali ya hatari Waingereza waliwanyonga Wakenya zaidi ya elfu moja, wengi wao si kwa kuua mtu, bali kwa kukutwa na risasi au kwa kulisha kiapo. Kila mmoja wao aliitwa mhalifu, na kila mara walikuwako watu wenye heshima zao waliosema kwamba bila kitanzi hapatakuwa na usalama.

Tutaambiwa: "Hao walikuwa wakoloni. Serikali sasa ni yetu." Ni kweli, na tunaona fahari kwa hilo. Lakini kamba haijui ni mkono wa nani unaoivuta. Mjerumani aliyenyonga Songea aliifuta adhabu hiyo katika katiba ya Ujerumani Magharibi mwaka 1949. Mwingereza aliacha kunyonga kwa kosa la kuua mwaka 1965. Walichokiona hakiwafai watu wao, sisi twakitunza kama urithi wa babu.

Na kwa hakika hata sisi wenyewe mikono yetu imekwisha kataa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa katika nchi hii. Mwezi Septemba 2017 Rais Magufuli, ambaye hakuna aliyepata kumwita mlegevu, alimwambia Jaji Mkuu asimletee orodha ya watu wa kunyongwa, maana hataki kuua. Basi tunawahukumu watu kifo, hatuwaui wala hatuwaachi, na mamia wamekaa wakisikiliza nyayo mlangoni kila alfajiri. Naye aliyefiwa ameahidiwa kitu ambacho hakiji. Hapo nani aliyetendewa haki?

TUFANYE NINI

Kwanza, tuwaache wenzetu wanaotaka kitanzi waseme mpaka wamalize. Katika mkutano ujao wa tawi, jambo hili likiletwa, azungumze kwanza aliyefiwa.

Pili, tulichukue dai lake la kweli tulidai pamoja naye. Adai kesi isiyochukua miaka kumi, nasi tudai. Adai mpelelezi asiyenunulika, nasi tudai. Adai kifungo cha maisha ambacho maana yake ni maisha kweli, na msamaha usiotolewa gizani bila jamaa za marehemu kujua. Haya pia tuyadai kwa sauti moja. Tudai kwamba yatima wa aliyeuawa wasomeshwe, na mfungwa afanye kazi, mapato ya jasho lake yaende kwao. Hapo swali la ugali wa serikali litakuwa limejibiwa.

Tatu, tudai kwamba Jaji aachiwe akili yake, na kitanzi kitoke kitabuni kama kilivyokwisha kutoka mikononi.

Wenzetu wakipewa serikali wanayoweza kuiamini, wengi wao watakiacha kitanzi bila kuombwa. Wasipopewa, hata tukiwaandikia tahariri mia, watakitaka, na hatutakuwa na haki ya kuwashangaa.